Baraza la Juu ya Mwamba

Naweka kigoda.

Keti, tukusikie.

Nimekuja na nini?

Umekuja na kisa, kifungue.

Basi nakifungua, lakini sogeeni karibu. Wewe Mwanasha, usimkanyage mwenzio. Na wewe mwenye karanga, zitafune polepole, maana nazisikia kuliko ninavyojisikia mwenyewe. Haya.

Hapo kale, kale sana, wanyama walipokuwa na mtemi wao na baraza zao, palikuwa na nchi moja yenye bonde. Mtemi wa nchi ile alikuwa Nyati. Mpiga mbiu wake alikuwa Hondohondo, ndege mwenye mdomo mkubwa kama mwiko wa ugali. Mtemi akiwa na neno, Hondohondo ndiye aliyelitangaza kwa wananchi. Wananchi wakiwa na neno, Hondohondo ndiye aliyepaswa kulipeleka kwa Mtemi. Kazi ya kwanza aliijua vizuri. Ya pili hakuna aliyewahi kumfundisha.

Nchi ile ilikuwa na adui mmoja, kiangazi. Kiangazi kikiingia, kijito kinakauka, na wadogo ndio wanaoanza kufa. Kiangazi kilichopita Hondohondo alimzika kinda wake wa pekee. Alimletea matunda pori mdomoni asubuhi na jioni, lakini tunda si maji. Siku moja kinda alifumba macho, hakuyafumbua tena. Hondohondo alilia mpaka sauti ikamkauka.

Sasa mkewe alikuwa na yai jingine. Na ninyi, mnaijua desturi ya ndege hawa? Hamuijui, mnajua simu tu. Mke akitaka kutaga, anaingia kwenye tundu la mti. Kisha wote wawili wanauziba mlango kwa udongo, yeye akiwa ndani, wanaacha ufa mwembamba tu. Mume anapitisha chakula kwenye ufa ule. Mke hatoki mpaka kinda aanguliwe na apate nguvu. Kwa hiyo Bi Hondohondo alikuwa ndani ya mti, nyuma ya udongo, amelalia yai. Na yai lile lingeanguliwa kiangazi kikianza.

"Safari hii atakunywa," Hondohondo alimwambia mkewe kwenye ufa. "Nakuahidi, mke wangu."

"Nimekusikia," mke akajibu. "Wewe lete maji."

Mtemi Nyati naye alikuwa na ndama nyumbani. Akaamua bonde lijengwe ukuta wa mawe na udongo, maji yazuiwe, liwe bwawa. Mvua za mwisho katika nchi ile zilikuwa tatu, hazizidi hazipungui. Ukuta ukizikosa zote tatu, basi tena, mpaka mwaka mwingine. Nyani, fundi wa Mtemi, akachagua mahali, katikati ya bonde, udongo laini, kazi rahisi. Mtemi akamwita Hondohondo.

"Jambo hili linamgusa kila mtu," alisema. "Desturi inataka wananchi washirikishwe. Nenda kawashirikishe, uniletee nyayo zao."

Desturi ya nyayo ilikuwa hivi. Aliyehudhuria baraza alikanyaga ubao wa udongo mbichi, unyayo wake ukabaki pale. Ubao ukikauka, unapelekwa kwa Mtemi. Unyayo ulikuwa na maana moja, nilikuwepo. Shikeni hapo. Nilikuwepo. Siyo nimekubali.

Hondohondo alitaka kazi ifanyike vizuri, tena haraka, maana yai halisubiri. Akatafuta mahali ambapo sauti yake ingefika mbali, akachagua mwamba mkubwa juu ya kilima. Akatafuta saa ambayo wote wangemwona, akachagua saa sita ya mchana. Kisha akaruka huku na huku, akaimba:

*Huu, huu, huu!*
*Mwenye kwato na aje,*
*mwenye bawa na aje,*
*mwenye mkia na aje,*
*neno lake alitaje.*

Wakaja. Pundamilia alikuja, Swala alikuja, Ngiri alikuja na wanawe. Mwamba ulikuwa wa moto kama kikaango, wakawa wanasimama kwa mguu mmoja wakibadilisha. Hondohondo akaanza kusoma maneno aliyopewa na fundi Nyani. Akasoma kimo cha ukuta. Akasoma mwinamo wa ukuta. Akasoma mgandamizo na mchepuko na mlalo wa tabaka. Jua likapita utosini, yeye anasoma.

Alipomaliza akauliza, "Kuna swali?"

Kisha Ngiri akainua mkia. "Naomba kuuliza. Chakula kinatoka saa ngapi?"

"Chakula hakuna."

"Basi sina swali jingine."

Wakakanyaga ubao, wakakimbilia kivulini. Pundamilia alikanyaga kwa miguu yote minne, akahesabiwa wanne. Msicheke. Mimi mwenyewe nimewahi kutia dole gumba kwenye karatasi kwa sababu ya soda, na mpaka leo sijui nilikubali nini.

Hondohondo akapeleka ubao. Mtemi akahesabu nyayo, akasema, "Wananchi wamekubali. Jengeni."

Ukuta ukajengwa katikati ya bonde. Mvua ya kwanza ikanyesha. Maji yakajaa, wanyama wakacheza ngoma pembeni. Siku ya kwanza ukuta ulisimama. Siku ya pili ulisimama. Siku ya tatu asubuhi maji yalianza kutoka kwa chini, kidogo, kisha zaidi, kisha udongo ukatitia na ukuta ukakaa chini kama mzee aliyechoka. Bwawa lote likaenda zake.

"Udongo ulikuwa mbaya," alisema fundi Nyani.

"Wananchi hawakuwa wa kutosha," alisema Mtemi. "Nenda tena, ulete nyayo nyingi zaidi."

Hondohondo akaenda tena. Mwamba ule ule, saa ile ile, wimbo ule ule. Huu, huu, huu, mwenye kwato na aje. Ila safari hii aliongeza kitu, akabeba njugu mawe na mapera. Lo, walivyokuja. Walikuja wa bonde hili na wa bonde la pili ambao hata kijito hicho hawakukijua. Na mapera yalipokuwa yamewekwa mbele, Hondohondo akauliza:

"Mnataka maji, au mnataka kiu?"

"Maji," wakajibu wote, macho kwenye mapera.

"Mmekubali?"

"Tumekubali."

Ubao haukutosha, ikabidi zitengenezwe mbao tatu. Mtemi akafurahi. Ukuta ukajengwa pale pale, mnene mara mbili. Mvua ya pili ikanyesha. Siku ya kwanza ukuta ulisimama. Siku ya pili ulisimama. Siku ya tatu maji yakatoka kwa chini, udongo ukatitia, ukuta ukakaa.

Sasa Mtemi alikasirika kweli. Alimwita Hondohondo akamwangalia muda mrefu. Mtemi mwenyewe alikuwa amekonda, maana ndama wake naye alikuwa ameanza kulamba mawe.

"Imebaki mvua moja," alisema. "Watu walikuja, watu walikubali, nawe umeniletea mbao tatu. Sijui kosa ni la nani. Lakini nyayo hizi hazijanisaidia kitu. Kama huwezi kuniletea kinachosaidia, nitatafuta mpiga mbiu mwingine."

Hondohondo akarudi kwenye mti wake mabawa yameshuka. Akapitisha tunda kwenye ufa, akageuka aondoke.

"Sema," alisema mkewe.

Akasema yote. Mkewe akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Uliwauliza nini?"

"Kama wanataka maji."

"Na nani hataki maji, mume wangu?"

Hondohondo akajikuna shingo kwa ukucha.

"Nikuulize jingine. Kwenye mbao zako tatu, unyayo wangu uko wapi?"

"Wewe umefungiwa ndani, mke wangu. Ungekujaje?"

"Ndiyo nakuuliza wewe. Yai nalilalia mimi. Maji nayataka mimi kuliko Ngiri. Wewe unanipita hapa kila siku na hukuniuliza hata neno moja, kwa kuwa sikuweza kupanda mwamba wako." Akausogelea ufa. "Na mimi nina la kusema. Nikiweka sikio kwenye ukuta wa mti huu, nasikia hadi mizizini. Tangu ukuta wenu wa kwanza uanguke, kuna mtu analia huko chini. Analia alfajiri. Simjui ni nani."

Maneno yale yalimwingia Hondohondo mahali palipouma. Alikaa kwenye tawi akiwahesabu waliokuja, kisha, kwa mara ya kwanza, akajaribu kuwahesabu wasiokuja. Akashindwa. Hakujua hata ni wangapi asiowajua.

"Kupiga kelele najua," alimwambia mkewe. "Kuuliza sijui."

"Basi kajifunze. Kuna wanaojua. Nenda kwa mbwa mwitu."

"Mbwa mwitu? Wale wanakula watu."

"Wanakula, ndiyo. Lakini hakuna anayebaki na njaa kwao, hata kilema. Kaulize kwa nini."

Basi Hondohondo akapitisha matunda ya siku kadhaa kwenye ufa, akavuka vilima, akafika kwa mbwa mwitu wenye madoa. Mkubwa wao alikuwa Bibi mmoja mzee, meno yamemwisha, sikio moja limechanika. Hondohondo alikaa tawi la juu kabisa, maana heshima ni lazima lakini uhai ni lazima zaidi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Shuka kidogo, sina meno."

"Wajukuu zako wanayo, Bibi. Nimekuja kujifunza namna ya kuwashirikisha watu."

Bibi akacheka. "Ina mafunzo yake hiyo. Siku tatu. Siku ya kwanza unanyamaza."

"Na ya pili?"

"Nimesema unanyamaza."

Akanyamaza, na kwa ndege yule ilikuwa adhabu. Akaona ajabu. Mbwa mwitu wakitaka kwenda kuwinda, mmoja anapiga chafya. Chi. Mwingine anapiga chafya. Chi. Chafya zikitosha, wanaondoka. Zisipotosha, wanalala tena, hata kama mkubwa mwenyewe anataka kwenda. Ndiyo kura yao. Siku ile chafya zilipigwa tisa, kundi likawa tayari, lakini Bibi hakuondoka.

"Nani hakupiga?" alimwuliza Hondohondo.

"Yule jike wa nyuma, mwenye mguu mbovu."

"Kwa nini?"

"Sijui, Bibi. Labda hana mafua."

Bibi hakucheka. "Shuka ukamwulize."

Hondohondo akashuka, akamwuliza. Yule jike akasema, kwa sauti ndogo, kwamba njia waliyoichagua ina mawe, mguu wake hauwezi, lakini upande wa mto kuna mawindo na njia ni laini, alipita jana. Bibi akasikia, akageuza kundi lote kwenda upande wa mto. Jioni wakarudi wameshiba, na yule jike pia.

"Waliokuja uliwaona hata bila kufundishwa," Bibi alisema. "Kazi yako ni ya huyu asiyepiga chafya."

Siku ya pili akamwambia, "Nieleze ukuta wenu." Hondohondo akaanza na mgandamizo na mchepuko. Bibi akasinzia. Akaanza tena na mlalo wa tabaka. Bibi akakoroma. Hondohondo alikasirika, akashuka, akakwangua tope kwa mdomo, akafanya kibonde kidogo, akaweka ukuta mdogo wa kokoto, akamwaga maji ya kijito kwa jani. Mara watoto wa mbwa mwitu wakamzunguka. Mmoja akasema, "Hapa yatafurika." Mwingine akasema, "Hapa yatapita chini." Bibi alikuwa ameshafumbua macho zamani.

"Umeona wanavyosema wakielewa?" akauliza.

Siku ya tatu mafunzo yalikuwa mafupi. Bibi alisema, "Usiwaulize kama wanakubali. Waulize watapoteza nini, na wanajua nini usichokijua wewe. Kisha, ukishapewa neno, rudi umwambie mwenye neno lilikofika. Hata kama limekataliwa, rudi umwambie. Ukichukua neno la mtu usirudi, safari nyingine atakupa mgongo."

"Asante, Bibi. Na cheti?"

"Cheti chako ni ukuta. Ukisimama, umefaulu. Sasa ondoka, wajukuu wangu hawajala tangu jana."

Hondohondo akaondoka upesi kuliko alivyokuja.

Akaanza kazi upya, na safari hii mwamba hakuupanda. Alibeba tope mdomoni, akaenda kwa kila mtu nyumbani kwake. Kwa Popo alikwenda jua linapozama, Popo anapoamka. Kwa Chatu alikwenda asubuhi, Chatu anapoota jua na ulimi umelegea. Kila mahali alifinyanga kibonde na ukuta wake mdogo, kila mahali aliuliza, na wimbo wake ulikuwa umebadilika, tena akiuimba kwa sauti ya chini:

*Huu, huu, huu.*
*Mwenye kuweza na aje,*
*asiyeweza nakuja,*
*neno lako nalingoja.*

Alikuwa amebakiza mmoja. Akaenda alfajiri kwenye mizizi ya mti wake mwenyewe, akalaza mdomo ardhini, akaita. Hakuna aliyejibu. Kesho yake akaita tena. Hakuna. Siku ya tatu ardhi ikasogea kidogo, sauti nyembamba ikatoka.

"Nenda zako. Nimekwisha kumwagiwa maji mara mbili, inatosha."

Alikuwa Mama Fuko. Yule anayechimba, asiyeona, anayekaa chini siku zote.

"Mama, sikujua kama unakaa hapa," Hondohondo alisema.

"Ungejuaje? Ulipiga mbiu nikaisikia. Mwenye neno alitaje. Nikafurahi, maana neno ninalo. Nikachimba usiku kucha kuja kwenye baraza lenu. Nikafika mwambani. Nikachimba, jiwe. Nikazunguka, jiwe. Niligonga kichwa mpaka kikavimba, na nyinyi juu mnasoma. Nikaita, nani atanisikia chini ya jiwe? Siku chache baadaye maji yakaingia nyumbani. Niliwatoa wanangu kwa mdomo, mmoja mmoja. Chakula chetu chote kilioza. Mara ya pili mkaita pale pale, juu ya mwamba. Sikujisumbua tena kuja."

Hondohondo alilia. Siyo aibu kusema, alilia, machozi yakadondoka kwenye udongo, na Mama Fuko akayasikia yanapodondoka.

"Nisamehe, Mama. Nilipoteza mtoto kiangazi kilichopita. Nilikuwa na haraka ya kumwokoa wa pili, nikakaribia kuua wa kwako."

Kisha pua ndogo ikatokeza.

"Nionyeshe hicho unachotaka kujenga," alisema Mama Fuko.

Akamfinyangia. Mama Fuko haoni, lakini alipapasa kwa kucha zake, bonde, kijito, ukuta.

"Hapa," alisema, akigusa katikati. "Hapa chini kuna njia saba, alizichimba bibi yangu. Jengeni ukuta mnene kama mlima, maji yatapita kwenye njia zetu na yatautoa miguu. Lakini hapa juu, kijito kinapopinda, kuna sakafu ya jiwe. Ilimshinda bibi yangu, ilimshinda mama yangu, nami imenishinda. Tuliichukia siku zote. Jengeni hapo."

Hondohondo alitaka kuruka kwa furaha, lakini akayakumbuka mafunzo. Akauliza, "Na tukijenga hapo, Mama, wewe utapoteza nini?"

"Nyumba," alisema Mama Fuko. "Maji yatasambaa mpaka hapa. Nipeni siku nne niwahamishe wanangu. Wamekuwa wazito, na sina mtu."

Siku nne. Na mawingu yalikuwa yameanza kupanda upande wa mashariki.

Hondohondo akaenda kwa Mtemi na hakubeba ubao wowote. Fundi Nyani alikuwepo, akasema anayejua mambo ya jiwe ni yeye, siyo fuko. Lakini walipoenda kwenye kona ya kijito na kuchimba, walikuta sakafu ya jiwe, pana na ngumu. Nyani akajikuna kichwa na kukiri.

"Basi tuanze leo," alisema Mtemi.

"Siku nne, Mtemi wangu."

"Mvua inakuja. Nimsubiri fuko?"

"Kuta mbili zimeanguka kwa sababu hatukumsubiri fuko," alisema Hondohondo. Hakurudi nyuma. "Jiwe ametupa yeye. Yai langu mwenyewe liko mashakani, Mtemi wangu, nami nakuomba siku nne."

Mtemi akakwangua ardhi kwa kwato. Vumbi likapanda, likamwingia puani, akapiga chafya kubwa. Chi.

"Hilo ni jibu, Mtemi?"

"Ni vumbi," alisema Nyati. Akatazama mawingu, akatazama nyumbani kwake alikolala ndama. "Jibu ni siku nne. Na Ngiri akamsaidie kuchimba, badala ya kuuliza chakula."

Ngiri akaenda na wanawe, akachimba siku nne, na kwa kweli alifanya kazi nzuri. Watoto wa Mama Fuko wakahamia kwenye kilima kidogo chenye udongo mwekundu.

Siku ya tano, kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa, Hondohondo aliita baraza. Hakuliita mwambani, aliliita bondeni, kwenye udongo laini. Hakuliita mchana, aliliita alfajiri, saa ambayo wa usiku hawajalala na wa mchana wameshaamka. Alisimama akarudisha maneno.

"Chatu, ulisema utapoteza pa kuota jua. Tumekuachia ukingo wa mashariki. Popo, uliomba miti isikatwe. Mitatu itakatwa, nilikupigania nikashindwa, nimekuja kukwambia. Mama Fuko, ulitupa jiwe, na ukuta utakaa juu yake."

Popo alinuna kidogo, lakini hakuondoka. Ubao ukawekwa. Pundamilia akakanyaga, kwa mguu mmoja tu. Chatu hana mguu, akapita juu ya udongo akaacha mstari. Popo akakwaruza kwa ukucha. Hondohondo akaweka unyoya mmoja aliopewa na mkewe kwenye ufa wa mti, akaukandamiza kwa mdomo wake. Walipodhani wamemaliza, katikati ya ubao udongo ukaanza kutikisika. Ukainuka, ukapasuka, kikatokea kichuguu kidogo kama ngumi ya mtoto. Mama Fuko alikuwa ametia alama yake kwa chini.

Wakajenga wote siku tatu bila kupumzika, na jiwe la mwisho liliwekwa mawingu yameshashuka. Mvua ya tatu ikanyesha. Siku ya kwanza ukuta ulisimama. Siku ya pili ulisimama. Siku ya tatu Hondohondo alikwenda asubuhi na mapema, akaweka mdomo chini ya ukuta, akasikiliza. Palikuwa pakavu. Akakaa chini pale pale.

Kiangazi kikaingia, kikali kama cha mwaka uliopita. Ndama wa Mtemi akanywa. Watoto wa Mama Fuko wakakua, wakachimba kisima chao pembeni mwa bwawa. Na asubuhi moja Hondohondo alisikia kugongwa kwenye mti wake, kwa ndani. Mkewe alikuwa anabomoa mlango wa udongo. Akatoka, amekonda, macho yanafinyana kwa mwanga, na nyuma yake akatokeza kinda, ana manyoya machache na mdomo mkubwa kuliko kichwa.

Walimpeleka bwawani taratibu, tawi kwa tawi. Kinda akayatazama maji, akamtazama baba yake. Kisha akainamisha mdomo akanywa, akainua kichwa, akanywa tena. Hondohondo, ambaye sauti yake ilikuwa ikisikika vilima saba, alimgeukia mkewe akanong'ona, "Amekunywa."

Ndiyo kisa chenyewe. Nacho kinatufundisha kwamba kumwita mtu mahali asipoweza kufika si kumwita, na kuhesabu vichwa si kusikiliza. Anayetaka kujenga kitu cha wote amfuate yule ambaye hakuja, amwulize atapoteza nini na anajua nini, kisha arudi amwambie neno lake lilifika wapi. Nanyi mkikua mkapewa kuita baraza, angalieni kwanza mnasimama juu ya nini.

Naondoa kigoda.

Kiondoe, tumesikia.

Kisa nimemwachia nani?

Umetuachia sisi, na aliye chini ya mwamba.